Uliza Fundi: Mwezi huu ni Linux tupu, kuanzia flashi mpaka printa

Tangu Microsoft waiache Windows 10 Oktoba 14, 2025 maswali ya Linux yamekuwa mengi mpaka nimeamua mambo ya simu na vocha yakae pembeni mwezi huu. Yanayofanana nimeyaunganisha, na wale wa "fundi nijibu fasta tu" mko mwishoni.

Shikamoo fundi. Nina laptopu ya HP nilinunua used Kariakoo, i5 ya kizazi cha sita, RAM 4, hadi diski (hard disk) ile ya kawaida ya GB 500. Ilikuwa na Windows 10, sasa inaniletea ujumbe kila siku kwamba muda umeisha na kwamba mashine haifai kwa Windows 11. Fundi wa mtaani kwetu anasema niuze niongezee hela nichukue nyingine. Mdogo wangu yuko chuo anasema nitupie Linux ni bure kabisa. Mi kwenye bure huwa nastuka. Hiyo Linux ni nini hasa, na nani anailipia? – Mchoka Apdeti, Tabata

Marahaba. Usiuze kwanza, hiyo mashine bado ina maisha.

Hapo fundi wako hajakudanganya kuhusu Windows 11, ni kweli wameweka masharti, wanataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane hivi kwenda mbele, na kidude cha usalama kinaitwa TPM 2.0, sasa yako ya kizazi cha sita iko nje ya mlango. Kuna njia za kuilazimisha iingie lakini mi simshauri mtu anayeanza afanye hivyo, leo inapiga kazi kesho apdeti inagoma. Pia Microsoft waliweka mpango wa kuongeza mwaka mmoja wa apdeti za usalama kwa Windows 10 mpaka Oktoba 2026, kwa hiyo kama una kazi inakubana una muda kidogo wa kupumua.

Sasa Linux. Mwaka 1991 kijana mmoja mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Finland, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo wa kompyuta akautangaza kwa wenzake, na baadaye akauachia kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuutumia, kuufungua aone ndani, kuubadilisha na kumpa mwenzake. Leseni yenyewe hakuitunga yeye, ilikuwa ya Mmarekani Richard Stallman ambaye tangu 1983 alikuwa na mradi wake wa GNU wa kutengeneza programu huru, na vitu vingi unavyovitumia ukiwa ndani ya Linux vimetoka huko. Kwa hiyo hicho kiini ndo Linux yenyewe. Unachokiinstoli wewe ni kiini pamoja na madirisha, menyu, brauza, programu za ofisi na kadhalika, vimepangwa na kundi fulani la watu likavipa jina lao. Ni kama mabasi yetu haya, chesisi na injini zimetoka kiwanda kimoja lakini bodi kila mtu anaunda ya kwake, moja ina viti viwili kwa viwili nyingine viwili kwa vitatu.

Nani analipa? Makampuni makubwa. Google, Intel, Red Hat na wengine wanaajiri watu kazi yao ni kuandika kiini cha Linux, kwa sababu seva zao, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine kwenye mtandao, zinatumia hicho hicho, simu za Android zina kiini hicho hicho, na zile kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani tangu Novemba 2017 zote zinatumia Linux. Hawakufanyii hisani wewe wa Tabata, wanafanya kazi yao na wewe unafaidika. Hamna mtego, hamna siku itakuletea ujumbe lipia.

Kwa mashine yako: weka Linux Mint, toleo la 22 ambalo litapata apdeti mpaka 2029. Wenyewe wanasema RAM ya chini ni 2 lakini 4 ndo utaenda vizuri, na nafasi kwenye diski GB 20 inatosha kuanza. Inakuja kwa sura tatu, Cinnamon, MATE na Xfce, wewe chukua Xfce kwa sababu ni nyepesi. Ila nikwambie ukweli ambao wapenzi wa Linux huwa hawausemi, kinachokuchosha kwenye hiyo laptopu kwa sehemu kubwa ni hiyo hadi diski ya kuzunguka. Hela ambayo ungeongezea kununua nyingine, chukua sehemu yake tu ununue SSD, yaani diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, hata ya GB 240, fundi abadilishe, ndo uweke Mint. Utashangaa.

Fundi mambo. Niko mwaka wa kwanza IT hapa Morogoro. Washkaji wanasema Linux ya ukweli ni Kali ndo wanatumia mahaka. Wengine Ubuntu, wengine Debian, mwingine ananiambia Arch. Nianze na ipi? – Mwaka wa Kwanza

Poa mdogo wangu. Achana na Kali kwa sasa. Wenye Kali wenyewe wameandika kwenye maelezo yao kwamba haimfai mtu ambaye hajaizoea Linux, imetengenezwa kwa kazi maalumu ya kupima usalama wa mitandao, siyo ya kuandikia asaimenti na kuangalia muvi. Utakuta mtu ana Kali, ina yale mazana yote, mandhari nyeusi na lile dragoni, ukimwambia akuunganishie printa anatoa macho.

Mint au Ubuntu, chagua moja, zamu ya kubishana ipo mbele. Mint yenyewe imejengwa juu ya Ubuntu, na Ubuntu imejengwa juu ya Debian ya tangu 1993, kwa hiyo amri utakazojifunza kwenye moja utazitumia kwenye zote tatu. Tofauti utakayoiona wewe ni sura: Mint ina menyu chini kushoto kama ulivyozoea, Ubuntu ina mstari wa ikoni pembeni. Arch ni nzuri sana, mwaka wa tatu.

Kitu kimoja tu, usihamehame. Kuna ugonjwa wa kubadilisha mfumo kila wiki ukisema hii haikufai. Mtu anajikuta mwaka umeisha, ameinstoli mifumo kumi na hakuna hata mmoja anaojua folda za watumiaji zinakaa wapi.

Naomba unieleze taratibu kama unamweleza mtoto. Naiwekaje bila kupoteza Windows yangu na picha za watoto? Naogopa. – Mama Wawili, Mwanza

Dada yangu hapa ndo tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndo watu wengi wanalia, na wanalia kwa sababu wameruka hatua moja tu.

Kabla ya yote, hizo picha. Zikopi kwenye hadi diski ya nje au flashi kubwa, ichomoe, iweke kabatini. Siyo kwa sababu Linux inakula picha, ni kwa sababu mtu yeyote anayegusa mambo ya diski anaweza kubonyeza pasipo. Kama huna pa kuzikopi, basi usianze leo.

Kisha unahitaji flashi ya GB 8 ambayo haina kitu unachokihitaji maana itafutwa yote. Unapakua faili la Mint kutoka tovuti yao, linaishia na ISO, ni kama GB 3 hivi, kwa hiyo nunua bando la usiku au nenda ofisini kwa mtu mwenye Wi-Fi isiyopimwa. Ukishalipata, ulinganishe ile namba ndefu ya uhakiki iliyoko kwenye tovuti na ya faili lako, kwa sababu bando likikatika katikati faili linaweza kuwa bovu na utalaumu Linux bure. Halafu unapakua kiprogramu kidogo kinaitwa Rufus, unakifungua, unachagua flashi yako, unachagua lile faili, unabonyeza Start, mengine yaache yalivyo. Kukopi tu ISO na kubandika kwenye flashi haitoshi, mashine haitawaka nayo, hili swali nimeletewa na watu wengi mno.

Zima kompyuta. Lakini Windows siku hizi ukibonyeza kuzima huwa haizimi kweli, inajilaza ili kesho iwahi kuamka, na ikiwa imejilaza inashikilia diski, Linux itakataa kuandika humo. Kwa hiyo shikilia Shift wakati unabonyeza kuzima, hapo inazima kikweli. Sasa chomeka flashi, washa, na hapo hapo piga piga kitufe cha kuchagua pa kuwakia: kwenye HP ni Esc kisha F9, Dell na Lenovo nyingi ni F12, Asus mara nyingi Esc. Itakuja orodha, chagua flashi.

Hapo Mint itawaka yote mbele yako, na bado hujaweka kitu chochote kwenye diski. Inatembea kutoka kwenye flashi. Hii ndo hatua watu wanairuka. Kaa nayo hapo jioni nzima: jaribu Wi-Fi, jaribu sauti, cheza video, chomeka printa, fungua faili la mtoto la shule, funika laptopu uilaze uone kama inaamka. Kikigoma kitu hapa kwenye flashi kuna uwezekano mkubwa kitagoma ukishainstoli, kwa hiyo unakuja kuniuliza mapema Windows ikiwa bado salama. Itakuwa nzitonzito kwa sababu flashi haina spidi, usiihukumu kwa hilo. Na ukizima, chochote ulichobadilisha kinapotea, ukiwasha Windows unaikuta ilivyo.

Ukiridhika, kuna ikoni ya Install pale kwenye skrini. Utaulizwa lugha, kibodi, kisha linakuja swali lenyewe. Kuna chaguo la kuiweka pembeni ya Windows, linaandikwa "alongside", na kuna lile la "Erase disk" ambalo linafuta KILA KITU. Soma mara mbili. Wewe unataka la kwanza, ambalo linakupa mstari wa kuvuta kugawa nafasi, ipe Linux GB 50 kama ipo. Ukimaliza, kila ukiwasha utaletewa menyu ikuulize leo unaingia wapi.

Na hili dada lisikupite: baadhi ya laptopu mpya za Windows zimefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Microsoft ya kuficha data za diski, hata mwenyewe hujui. Ukienda kugusa mipangilio ya kuwasha inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa hiyo kabla ya kuanza ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uuandike huo ufunguo kwenye daftari. Siyo kwenye kompyuta hiyo hiyo jamani.

Nimefuata yote, nimeinstoli, ila Wi-Fi haionekani kabisa. Bila intaneti naitoa wapi driva? – Wa Ilala

Chukua simu yako, chomeka na waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspot uwashe ile ya USB tethering. Linux nyingi inaitambua hapo hapo kama vile umechomeka waya wa mtandao, huhitaji driva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kutumia kifaa. Ukishakuwa hewani fungua Driver Manager kwenye menyu, itatafuta yenyewe na kukwambia kuna driva fulani, mara nyingi ni zile kadi za Broadcom ndo zina hii tabia, unaichagua, unawasha upya, umemaliza. Zima apdeti za simu wakati huo ili bando lisiishe.

Habari yako. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kakamega. Nimeskia LibreOffice inaharibu document za Word. Mitihani yetu yote iko kwa Word na deputy anataka kila kitu aletewe hivyo. Nikihamia Linux si nitapata shida kazini? – Mwalimu

Salama mwalimu. Swali lako ndo swali la maana kuliko yote hapa, kwa sababu hamna mtu anayetumia mfumo wa kompyuta, watu wanatumia kazi zao.

LibreOffice, programu za ofisi za bure, inafungua Word, Excel na PowerPoint, na inahifadhi kwa hizo hizo. Barua, notisi, maksi za darasa, zinapita bila shida. Inapoyumba ni kwenye mtihani uliobanwa, ule wenye jedwali ndani ya jedwali, michoro iliyobandikwa juu ya maandishi, na boksi za kujibia zilizopangwa kwa kubonyeza spesi mara ishirini. Hiyo ukiifungua kwingine swali la 7 linahamia ukurasa wa pili. Sababu kubwa mara nyingi ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft hazimo kwenye Linux, kwa hiyo inawekwa nyingine na mistari inahama. Dawa ipo: instoli fonti zinaitwa Carlito na Caladea, zimetengenezwa makusudi herufi zake ziwe na upana ule ule wa hizo mbili, na Liberation kwa ajili ya Arial na Times New Roman, hiyo huwa imeshakuwemo. Tatizo linapungua sana. Halijaisha, linapungua.

Mi ningekushauri hivi: kazi yako tunga kwenye LibreOffice, inayokwenda kuprintiwa itoe kama PDF, PDF haihami popote. Ile anayotaka deputy aihariri mwenyewe, ihifadhi kwa docx lakini upange kwa kutumia jedwali na stailo badala ya spesi. Na kama idara yenu mnapokezana faili moja watu sita usiku wa kuamkia mtihani, basi hiyo moja ifanyieni kwa Word ya mtandaoni kwenye brauza, inafanya kazi kwenye Linux vizuri tu. Usipigane na ofisi nzima kwa sababu ya programu.

Kwa faida ya wengine, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na Waswidi walikuwa na mradi unaitwa Kilinux, na mwaka 2004 walitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice ambayo menyu zake zote ni Kiswahili. LibreOffice ilizaliwa kutoka OpenOffice hiyo hiyo mwaka 2010, na mpaka leo ukiingia kwenye lugha zake unakuta Kiswahili kipo na kamusi ya tahajia pia. Mwalimu wa Kiswahili anayesahihishiwa insha kwa mistari myekundu chini ya kila neno anajua hii ni kitu gani.

Kila nikitafuta msaada naambiwa fungua terminali uandike sijui sudo. Halafu nikiandika paswadi hakiandikiki kitu. Kompyuta imekufa? Lazima nijue hizo amri? – Msomaji, Arusha

Haijakufa. Inaandika, ila haikuonyeshi hata nyota ili mtu aliyesimama nyuma yako asijue paswadi yako ina herufi ngapi. Andika tu kisha Enter.

Lazima ujue terminali, lile dirisha la kuandikia amri? Hapana. Kwenye Mint unaweza ukakaa mwaka mzima bila kuigusa, kuna duka la programu na kuna Update Manager, zote za kubonyeza. Lakini nikwambie kwa nini kila mtu anakuambia terminali: ni rahisi kumwandikia mtu mstari mmoja kuliko kumweleza bonyeza hapa, nenda kulia, ukiona kiboksi cha bluu, na kwake kiboksi ni cha kijani. Mimi nikikuandikia `free -h` kokote ulipo itakuonyesha RAM imebaki ngapi, na `df -h` itakuonyesha diski imejaa kiasi gani.

Anza na chache. `pwd` inakwambia uko folda gani, `ls` inaonyesha vilivyomo, `cd` unahamia nyingine. Kisha `sudo apt update` ambayo inasoma orodha mpya ya programu, na `sudo apt upgrade` ambayo ndo inazishusha na kuziweka. Hiyo `sudo` mbele maana yake unafanya kama mkubwa wa mfumo, ndo maana inadai paswadi. Na kila sehemu ikikudai sudo jiulize kwa nini.

Maana hatari ya terminali siyo terminali, ni kukopi mistari ya watu. Kuna wahuni wanampa mgeni mstari una `rm -rf` wakimwambia utafanya kompyuta iwe na spidi, kumbe huo ni wa kufuta folda na vyote vilivyomo bila kuuliza na bila kupitia kapu la taka. Mstari usioujua, andika `man` kisha jina la hiyo amri, usome inafanya nini, au mpe mtu asome. Na pia ikikuletea kosa, usiogope maandishi mengi, soma mstari wa mwisho na wa kwanza wenye neno "error", ukopi kama ulivyo ndo uutafute mtandaoni. Watu wanatuandikia "fundi imeniandikia maneno mengi ikagoma". Maneno gani sasa bwana!

Na washa Timeshift siku ya kwanza. Inapiga picha mfumo ulivyo, siku ukiharibu unarudi kwenye ile picha. Ila haihifadhi nyaraka zako kwa kawaida, nyaraka bado kopi pembeni.

Mimi nina steshenari Tanga, kompyuta tatu, printa mbili na skana. Virusi vya flashi za wateja vinaniua, kila mwezi napiga Windows upya. Linux itanisaidia? Nihamishe zote? – Steshenari, Tanga

Kaka, virusi vile vya shortcut ndo sehemu ambayo Linux itakulipa siku ya kwanza. Mteja analeta flashi, Windows inaonyesha folda zake zote zimegeuka shortcut, analia kazi yake imepotea. Haijapotea. Kile kirusi kimeficha mafaili tu, mara nyingi kimeyatia kwenye folda isiyo na jina, na kimeweka vishortcut vya kukiendesha. Ukiichomeka flashi hiyo kwenye Linux vile vishortcut haviendeshi kitu, na ile folda iliyofichwa unaiona wazi, unakopi kazi ya mteja unampa. Hiyo yenyewe ni huduma ya kutoza.

Lakini zote tatu, hapana. Weka Linux kwenye moja, iwe ndo mlango wa flashi zote: kupokea, kuprinti PDF, kuingia kwenye tovuti za maombi ya chuo na ajira. Kuhusu printa, HP nyingi zinatambuliwa zenyewe kwa sababu kampuni inatoa driva yake ya Linux, inaitwa HPLIP. Epson nyingi nazo ziko sawa. Canon inategemea modeli, hivyo ijaribu kwa ile njia ya flashi niliyomweleza Mama Wawili hapo juu, kabla hujaamua. Skana vile vile.

Windows ibaki mbili kwa sababu wateja wako wanaleta kadi za harusi za Publisher, na LibreOffice inafungua Publisher kwa kubahatisha. Photoshop haipo kwenye Linux, kuna GIMP ya kuhariri picha, ni nzuri ila kijana wako wa dizaini atanuna miezi miwili. Programu za uhasibu za dukani nyingi ni za Windows pia. Kuna kitu kinaitwa Wine kinachoendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, kwa programu ndogo za zamani kinasaidia, kwa kitu kinachoshika hela za biashara usikitegemee.

Halafu kuhusu hizo Windows zako za kukreki kwa activator ya kwenye flashi ya fundi, mimi sisemi kitu, ila wewe unaona vile virusi vinatoka kwa wateja tu?

Nikijua Linux napata kazi? Nimemaliza kidato cha sita nasubiri chuo. – Kijana, Dodoma

Kujua kutumia Linux pekee, hapana. Kujua kuendesha seva za Linux, ndio kuna kazi, kwenye mabenki, makampuni ya simu, watoa huduma za intaneti, kwa sababu huko nyuma ya pazia ni Linux. Sasa hivi una miezi kadhaa mkononi, fanya hivi: Linux Foundation wana kozi ya utangulizi ya bure mtandaoni, namba yake ni LFS101, ni ya Kiingereza ila siyo kigumu. Soma huku umefungua mashine, siyo huku umelala. Cheti kipo baadaye, kuna cha kuanzia cha LPI (Linux Professional Institute) kinaitwa Linux Essentials, hicho mtihani wake ni wa kulipia kwa hiyo usikimbilie mpaka uone unaweza. Na ujifunzie kwenye mashine yoyote mbovu iliyoko nyumbani, igeuze iwe seva ya muvi ya familia, hapo utajua mambo ya ruhusa za mafaili, watumiaji na mtandao kuliko video mia.

Za fasta fasta

*Linux inahitaji antivairasi?* Kwa matumizi ya nyumbani hapana. Inahitaji apdeti, na wewe usiinstoli vitu kutoka tovuti za ajabu.

*Apdeti zinakula bando?* Zinakula, ila hazikuvizii. Mint inakuonyesha ukubwa wa kila apdeti, unachagua. Za usalama chukua kila wiki, nyingine subiri Wi-Fi ya mtu.

*WhatsApp ipo?* Kupitia brauza, ile ya kuskani kwa simu. Zoom ina toleo lake la Linux, VLC ipo, Chrome ipo, Firefox unaikuta imeshawekwa.

*Gemu?* Tangu 2018 Steam, duka la gemu mtandaoni, wana kitu chao kinaitwa Proton, gemu nyingi za Windows zinacheza. Zile za mtandaoni zenye ulinzi wa kuzuia udanganyifu wa wachezaji nyingi zinagoma. Kama mashine ni ya gemu tu, baki ulipo.

*Chuo chetu mtihani unafanywa kwa programu inayofunga kompyuta, itakubali Linux?* Nyingi hazikubali. Uliza chuo kabla hujafuta Windows, na usiulize wiki ya mtihani.

*Ubuntu walikuwa wanatuma CD za bure mpaka posta, bado wanatuma? Niliwahi kupokea nikiwa sekondari.* Hiyo huduma ilifungwa 2011. Tafuta jirani mwenye faili, nenda na flashi yako, akukopie. Inaruhusiwa.